Aliyemtaja Shangazi

Nilimkuta shangazi yangu amenyolewa nusu kichwa. Upande wa kushoto nywele zake nyeupe zilikuwepo bado, mistari minne niliyomsuka mwenyewe juzi yake. Upande wa kulia ngozi ilikuwa tupu na damu inachuruzika mpaka nyuma ya sikio. Wanawake wawili walikuwa wamemkalia miguu, wa tatu kamkamata mikono kwa nyuma, na huyo wa tatu nimecheza naye rede utoto wangu wote. Msaidizi wa mganga alisimama na wembe, anasubiri kichwa kitulie.

Kichwa hakikutulia. Shangazi alikuwa amefumba macho, anasema kwa sauti ileile moja isiyopanda wala kushuka: "Nguzo ya mlangoni mkoko. Ya pili mkoko. Ya tatu msinzi, ina jicho. Ya nne mkoko." Alikuwa anazipitia nguzo za nyumba yao ya zamani kule bondeni, nyumba iliyovunjwa mimi sijazaliwa. Waliomzunguka walidhani ni uganga. Mmoja akasema, "Msikieni, anawaita wenzake."

Nilikuwa natoka mashineni, debe la unga kichwani, mwanangu mgongoni. Debe sikulitua, nililiachia. Nikaenda moja kwa moja kwenye beseni la dawa nikalipiga teke, dawa ikamwagikia mkeka wa mganga na miguu ya mwenyekiti wa kijiji. Yule mwenye wembe nilimng'ata mkono. Sijisifu. Mtoto alikuwa analia mgongoni na mimi nimemng'ata mtu mzima mbele ya kijiji, na mkono wake ulikuwa na ladha ya mafuta ya nazi yaliyochacha.

Mwenyekiti akafuta viatu kwa jani la mgomba, taratibu, kama mtu mwenye siku nzima.

"Binti, unatuharibia shughuli. Na unamlilia nani? Mganga hanyoi mtu mpaka atajwe na damu yake. Si mmemtaja nyie wenyewe?"

"Nyie nani?"

"Kwenu. Jina limetoka kwenu." Akawatazama watu, akacheka kidogo. "Au umeshasahau uliyoyasema, msomi?"

Hapo watu wote wakanigeukia mimi.

Nieleze utaratibu wenyewe, maana mtu asiyetoka huku anaweza kudhani ni fujo tu. Si fujo, kuna masharti yake. Msimu ule watoto walikufa kwa homa, mmoja baada ya mwingine, na serikali ya kijiji ikaenda kumwita mganga wa kunyoa. Akavuka na pantoni pale Ndundu, na wasaidizi wake, na redio yao. Anayetuhumiwa hapigwi wala hafukuzwi. Ananyolewa kichwa chote, anachanjwa, anakunywa dawa, uchawi wake umekwisha, anarudi nyumbani kula wali. Wazee wengine hujipeleka wenyewe wasije wakasemwa. Lakini jina lazima litolewe na ndugu wa damu, tena kwa siri, kwa sababu jirani anaweza kuwa na chuki zake. Na aliyenyolewa hasimami shahidi tena, si kwenye ndoa, si kwenye mpaka wa shamba, mpaka mganga arudi kumfungua. Mganga hurudi akipenda.

Sharti hilo la mwisho nililisikia tangu mdogo na sikuwahi kuliwaza. Siku ile dawa ilikuwa imemwagika na shughuli imevunjika, wakatuachia, nami nililiwaza njia nzima ya kurudi nyumbani, nikimwongoza shangazi kwa ncha ya khanga, kwa sababu kushikwa mkono hataki.

Damu ya shangazi iliyobaki haijai kiganja. Mimi, mtoto wa marehemu kaka yake. Baba mdogo, ndugu yake wa mwisho kuzaliwa. Shangazi mdogo aliyeolewa Maparoni. Na mwanangu, ambaye wakati ule alikuwa na miaka miwili na ushee na hajatamka neno hata moja.

Shangazi amezaliwa vile alivyo. Hakutazami usoni, anatazama kifungo chako. Hula katika sahani moja ya bati yenye ua la bluu, na ukimwekea nyingine atakaa na njaa mpaka kesho. Mashine ya kusaga ilipoletwa kijijini, watu walishangilia kwamba sasa ni enzi ya ruksa, kila mwenye mtaji alete chake. Yeye alifungasha ukindu wake akahamia nyuma ya nyumba, na kila ikiwashwa anajifunika masikio kwa viganja vyote viwili. Hakuolewa. Alisuka mikeka, na mikeka hiyo ndiyo iliyonisomesha mpaka kidato cha nne baada ya wazazi wangu kufa. Mtu akiniambia shangazi hana akili namuuliza yeye kamsomesha nani.

Tena hasahau. Zamani watu walimtumia. Mto ukifurika unakula alama zote bondeni, miti, matuta, kila kitu, na maji yakishuka watu hawajui pa kuanzia kulima. Alikuwa anaitwa shangazi. Anasimama, anageuka mara mbili, anaanza: dungu la fulani lilikuwa hapa, ngazi yake imetazama mtoni, hatua thelathini mpaka dungu la fulani, yule aliyekuwa na kikohozi. Dungu ni kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kufukuzia ndege wa mpunga. Watu walilima kwa maneno yake na hakuna aliyesema ni mchawi. Walisema, "Huyu kaumbwa hawezi kuongopa."

Alipozeeka mambo ya zamani yakamsogelea zaidi. Kijiji kilipohamishiwa huku barabarani yeye alibeba mzigo wake kama wengine, ila moyo wake ulibaki bondeni, na sasa naona ameurudia. Asubuhi anaamka ananiuliza kama mama yake ameshatwanga. Anasikia mvua ya mwaka ambao mimi sipo. Ananieleza nini kilikuwa kimeungwa na nazi siku babu aliporudi kutoka Dimani na baiskeli, na tairi la nyuma lilikuwa na kiraka chekundu, na nani alicheka. Anacheka naye palepale. Halafu anakuta mimi ndiye niliyekaa mbele yake, anakereka.

Nami nilikuwa nachoka, bora niseme. Mume wangu yuko Dar na mitumba yake, anakuja anapokuja. Nina mtoto, nina mpunga, nina mtu mzima anayelia kwa sababu nimehamisha mtungi. Kuna siku kisimani niliwaambia wenzangu, "Wakati mwingine ananiogopesha yule." Ndivyo nilivyosema. Kwa hiyo mwenyekiti aliponiambia nimesahau niliyoyasema, nilijua kuna mtu kanibebea lile neno. Tulikuwa wanne pale kisimani. Nimewachunguza wote, na mpaka leo chumvi yangu hawaazimi.

Asubuhi ya pili baada ya ule wembe baba mdogo akaja, na uji wa mgonjwa kwenye chupa ya chai. Hajawahi kutuletea uji.

"Pole mwanangu," akasema. "Mambo ya kijiji ndivyo yalivyo. Sasa tusimuache dada hivi, ni aibu. Nusu si kunyolewa. Mganga anaondoka Ijumaa. Tumalizie tu ule upande, taratibu, hapahapa nyumbani."

"Una haraka gani na ule upande?"

"Haraka ya nini? Namwonea huruma. Anaonekana kama kitu gani sijui."

Nilimtazama anavyoutazama ule upande wenye nywele. Mtu anayekuonea huruma anatazama kidonda. Yeye hakukitazama kidonda hata mara moja.

Nikakumbuka kikao cha mwezi uliotangulia. Mwenyekiti alikuja na mgeni mwenye gari jeupe, anataka bonde kwa ajili ya kilimo cha mashine. Baba mdogo akasimama akasema sehemu yetu, kuanzia kijito mpaka mikoko, ni yake, kaachiwa na babu. Mwenyekiti, kwa kutaka kuwachekesha watu, akamgeukia shangazi aliyekuwa pembeni na ukindu wake: "Bi mkubwa, eti ni kweli?" Shangazi akamtazama kifungo. Akasema siku babu alipokuwa anakata roho ilikuwa Alhamisi, alikuwa amelala kibla, mkeka wenye pindo jekundu, na alisema: bonde ni la binti yangu huyu, kwa sababu hataolewa na nyie mtaoa. Akataja waliokuwepo. Akataja kwamba baba mdogo alikuwa amekaa mlangoni anakula muwa na mama yake akamwambia atupe muwa. Watu wakacheka. Wazee wawili wakaitikia, ndiyo, muwa, tunaukumbuka. Mgeni akafunga kitabu chake.

Bonde lile ndilo tunalokula, shangazi, mimi na mwanangu. Hatuna jingine.

Nikamwambia baba mdogo asante kwa uji, kichwa tutakiangalia. Alipoondoka uji nilimwaga. Sikumpa hata kuku.

Kumshuku mtu ni rahisi, ila nilitaka kujua. Nikamuuliza shangazi, "Nani alikutaja?" Akasema, "Sijui." Alisema kweli, maana hakuna aliyemwambia wewe umetajwa. Yeye hujibu ulichouliza, si ulichokusudia. Nikakaa nikafikiri. Kulikuwa na siku nilipotoka mtoni kufua nikakuta mkeka wa wageni umetandikwa barazani. Shangazi hamtandikii mtu mkeka. Nikaanzia hapo, na nikaanzia na chakula, kwa sababu kwake kila kumbukumbu inaingilia jikoni.

"Shangazi, siku ile niliyobandika kunde nikaenda kufua, nani alikuja?"

Akaweka ukindu chini.

"Jumanne. Chungu cha kunde kiko motoni, kifuniko kimekaa upande, kina ufa. Kuku mweusi kaingia jikoni, nikamtoa. Ndugu yangu akaja na mwenyekiti. Ndugu yangu kavaa shati la drafti, kifungo cha pili hakipo. Akatandika mkeka. Mwenyekiti akasema: mbona huyu yupo hapa? Ndugu yangu akasema: huyo muache, ya zamani anayo, ya leo hayaingii tena, we ongea. Mwenyekiti akasema: mgeni anarudi mwezi ujao na hataki maneno ya mipaka. Ndugu yangu akasema: akinyolewa maneno yake hayashiki. Mwenyekiti akasema: jina utatoa wewe. Ndugu yangu akasema: nitatoa, ila isemwe limetoka kwa binti, kisimani ameshasema anamwogopa. Mwenyekiti akasema: na mtoto wake yule asiyesema? Ndugu yangu akasema: yule bado mdogo, tumuache kwanza tuone. Akachukua karanga mbili kwenye ungo. Tatu. Akaondoka."

Akaokota ukindu, akaendelea kusuka.

Sikulia. Nilimtazama mwanangu aliyekuwa sakafuni anapanga vifuniko vya soda mstari mmoja ulionyooka, kama kawaida yake, na lile neno "tumuache kwanza" nikalirudia kwa sauti. Walikosea jambo moja tu. Walizoea kumwona shangazi anakaa na marehemu, wakadhani walio hai hawaoni wala hawasikii.

Nikamfuata baba mdogo dukani kwa jirani yake, mbele za watu, nikamsomea yote, mpaka karanga. Karanga zilimgusa. Kisha akacheka, akawageukia wenzake wa bao.

"Mnasikia? Ananishitaki kwa maneno ya mtu aliyenyolewa."

"Hajanyolewa," nikasema. "Amenyolewa nusu. Umesema mwenyewe nusu si kunyolewa."

Mmoja wa wacheza bao akasema, "Hapo kakula kete, mzee." Baba mdogo hakucheka tena.

Hatukungoja Ijumaa. Kesho yake alfajiri nilimpandisha shangazi kwenye lori la mkaa linalokwenda Kibiti, mtoto mapajani, sahani ya bati kwenye kapu. Injini ilimtesa. Nilimwambia anieleze madungu, akayaeleza yote, upande wa kijito na upande wa mto, mpaka tunashuka. Utingo akaniuliza, "Dada, bibi yako huwa anatiwa betri gani?" Nikamwambia afunge mdomo wake na afungue ubao tushuke.

Kituo cha polisi, askari wa zamu alikuwa anakula muhogo.

"Mama, uchawi sisi hatuna kifungu cha kukusaidia. Rudini mkasuluhishwe na balozi wenu wa nyumba kumi."

"Sijaleta uchawi. Nimeleta kichwa." Nikaifunua khanga.

Akaacha kutafuna. Hata hivyo aliniuliza, "Ana akili timamu huyu? Maana kesi bila shahidi timamu ni kupotezeana muda." Sikujua kama ni swali la kazi au mwenyekiti ameshatangulia kutuma salamu. Wanafahamiana watu hawa, wanakaa harusi zilezile. Nikamwambia aandike PF3 kwanza, ile fomu ya polisi ya kwenda nayo hospitali, akili tutaleta kwa maandishi. Akaandika. Nilisimama juu yake mpaka akamaliza, akakosea kijiji, nikamrekebisha.

Hospitali muuguzi alitaka kunyoa upande wa pili ili bandeji ishike. Nikauzuia mkono wake. Akaniona mkorofi. Labda alikuwa na nia njema, lakini mimi siku zile nia njema nilikuwa naigeuza kwanza nione chini yake.

Daktari alikuwa kijana, mgeni wa huku. Alizungumza na shangazi muda mrefu bila kumlazimisha amtazame, na hilo peke yake lilinitia wasiwasi, maana watu hawana muda na sisi. Alikuwa anapapasa mfuko. Shangazi akamwambia, "Kalamu umeiweka kushoto. Unatafuta kulia." Akacheka, akaitoa kushoto. Kisha akaniambia kuna watu huzaliwa hivi, si pepo, si wazimu, si adhabu. Wengine wanashika mambo kama shangazi, wengine hawashiki, na uzee ukiingia ya zamani yanakuja mbele. Akataja neno, otizimu. Kwa Kiswahili hakujua linaitwaje. Nami nilikuwa nadhani ananiambia shangazi ni chizi kwa lugha ya kistaarabu.

"Andika kwamba ana akili timamu," nikasema.

"Naweza kuandika nilichopima."

"Umepima nini?"

Akafikiri, akaandika: anaelewa anachoulizwa na anaweza kueleza kwa usahihi aliyoyaona na kuyasikia. Nikaisoma mara tatu. Nikamuuliza "kwa usahihi" maana yake nini hasa, kusije kukawa na mlango wa nyuma. Akasema haupo. Halafu akamtazama mwanangu aliyekuwa anapanga vizibo vya chupa za dawa dirishani, akafungua mdomo kusema kitu. Nikambeba mtoto nikatoka. Hilo tutazungumza mimi nikiwa tayari, na si siku moja na haya.

Usiku wake tulilala kwa rafiki yangu wa shule pale Kibiti. Asubuhi nikanunua karatasi, nikaandika barua hii, nakala mbili, nikaipeleka kituoni mwenyewe.

*Kwa Mkuu wa Kituo.*

*YAH: MALALAMIKO DHIDI YA MWENYEKITI WA KIJIJI, BABA YANGU MDOGO NA WATU WANNE WALIOMSHAMBULIA SHANGAZI YANGU*

*Mheshimiwa, husika na kichwa cha habari hapo juu.*

*Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na tatu, mkulima, nimemaliza kidato cha nne. Shangazi yangu ni mzee ambaye umri wake kamili hakuna aliyeuandika. Alikamatwa kwa nguvu mchana mbele ya ofisi ya kijiji, akajeruhiwa kichwani kwa wembe. PF3 iliyojazwa na daktari imeambatanishwa. Majina ya waliomshika, aliyeshika wembe na aliyetoa amri yako kwenye karatasi ya pili.*

*Nami nilimng'ata mkono mtu mmoja siku hiyo. Nalisema mwenyewe kabla hajaja kulisema yeye.*

*Nalalamika pia kwamba nimesingiziwa kuwa ndiye niliyetoa jina la shangazi yangu. Sikutoa. Maneno yaliyosemwa na mwenyekiti na baba yangu mdogo barazani kwetu siku ya Jumanne yameandikwa karatasi ya tatu kama shangazi alivyoyaeleza, sikuongeza wala kupunguza. Anaweza kuyarudia mbele yako. Aulizwe polepole, asishikwe, na mashine isiwe inaunguruma karibu. Ukitaka kujua kama ni mkweli, muulize jambo lolote ambalo wewe unalijua na mimi silijui.*

*Naomba: kwanza, asiguswe tena kichwa na mtu yeyote. Pili, bonde lisipimwe wala kutolewa kwa mgeni mpaka shangazi asikilizwe kama shahidi kamili. Tatu, mtoto wangu wa kike, ambaye naye ametajwa katika mazungumzo hayo, asijadiliwe na kikao chochote cha kijiji.*

*Barua hii nimeiandika mwenyewe. Sikutumwa na mtu wala chama. Naomba nakala yangu igongwe muhuri na aliyeipokea aandike jina lake na saa aliyopokea, kwa sababu nitarudi kuuliza, na nitakuja na shangazi yangu.*